Mahudhurio Tu

Jina langu lilikuwa namba kumi na saba.

Lilikuwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kwenye karatasi nyeupe isiyo na mkunjo, na juu ya majina yote pameandikwa: Kijiji cha Kambi ya Tisa kimeridhia Kuvuka. Wananchi mia tatu arobaini na moja. Ijumaa, saa tisa alasiri.

Tangazo lilibandikwa nikiwa safarini, nikarudi jana jioni. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku hiyo hiyo, na ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Nilisoma mara mbili. Saini ilikuwa yangu kweli, na ile S yenye mkia mrefu ninayojivunia tangu nijifunze kuandika nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini. Ila mimi, Skolastika Komba, sikuwa nimeridhia kitu chochote. Nikaingia ofisini bila kubisha hodi.

Mtendaji wetu, Shemhilu, alikuwa anakunywa chai. Ni mwanamume mpole, shati limepigwa pasi hata zama hizi ambapo nguo zinajinyoosha zenyewe.

"Shikamoo, Mama Oresta."

"Marahaba. Nani ameridhia?"

"Sisi sote. Si kile kikao cha Jumanne? Msikizi alitueleza habari za Kuvuka, na wewe ulikuwepo, tena uliuliza maswali mpaka watu wakasinzia."

"Nilikuwepo. Kuwepo ndiko kuridhia?"

"Ulisaini."

"Nilisaini mahudhurio, Shemhilu. Karatasi ilipita mkono kwa mkono kama inavyopita siku zote, na kalamu yenyewe ilikuwa inagoma wino. Juu iliandikwa tarehe na neno moja, mahudhurio. Haya maneno mengine yametoka wapi?"

Akaweka kikombe chini. Nikaona shingo yake inaloa.

"Msikizi aliniuliza swali," akasema. "Aliniuliza, kwenu watu wakikubali jambo kubwa, kinachobaki kuonyesha kwamba wamekubali ni nini? Nikaona nisijibu kwa kichwa changu. Nikamfungulia kabati la mafaili. Akasoma mihtasari ya vikao vya miaka sitini kwa muda wa kumenya chungwa. Halafu akasema ameelewa, kila uamuzi una karatasi ya majina nyuma yake. Akaniomba ya Jumanne."

"Ukampa."

"Nikampa. Mama Oresta, mafaili ndivyo yalivyo. Ningemwambia nini?"

Nilishika ukingo wa meza. Maana faili moja katika kabati lile nalijua ukurasa kwa ukurasa. Miaka arobaini na miwili iliyopita kampuni moja ya mbegu za mafuta ilikuja hapa ikafanya kikao, ikapika pilau, ikapitisha karatasi. Baba yangu, Lusiano Komba, aliyetoka Songea ujanani kuja kukata mkonge, hakujua kusoma. Alibonyeza dole gumba. Baada ya miezi mitatu mashamba yetu yote ya bondeni yakawa ya kampuni, na nyuma ya barua ya kuyatoa palibanwa karatasi ile ile, yenye dole la baba. Wananchi wameridhia. Alikwenda wilayani mara thelathini na moja kusema kwamba hakuridhia. Mara ya thelathini na mbili tulimrudisha kwenye machela.

Mimi nilijifunza kusoma ili nisome faili lile. Nilianzia kwenye kurasa za gazeti la serikali ambazo muuza samaki alikuwa anafungia bidhaa zake, sheria zikinuka mafuta ya kukaangia. Sikusahau hata nukta moja.

Na sasa viumbe waliovuka mbingu, wanaojua kusogeza mvua kama mtu anavyosogeza kiti, walikuwa wamejifunza maana ya kukubali kutoka kwenye faili lile.

*

Nisiwanyime Wasikizi haki yao. Walikuja miaka ishirini na moja iliyopita, warefu kama milingoti ya mkonge uliochanua, ngozi zao zina rangi ya chai isiyo na maziwa, hawana midomo, sauti inatoka kifuani. Tuliwaita Wasikizi kwa sababu mwaka mzima wa kwanza hawakufanya chochote ila kusikiliza. Baada ya hapo malaria ikaisha. Njaa ikaisha. Korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge iliyokula vidole vya nusu ya kambi yetu, ikawa inafanya kazi bila mtu kuisogelea. Mabosi walibaki na vyeo vyao mwaka mmoja hivi, wakiwa hawana wa kumtuma, kisha wakaenda zao wenyewe. Nilicheza ngoma siku hiyo. Wasikizi hawajui kusema uongo, na jambo wakishajua kwamba ni la uongo hawawezi kulishika. Linawatoka mkononi kama kaa la moto.

Kuvuka kulikuwa zawadi yao ya mwisho. Nguzo kumi na mbili zinasimamishwa kuzunguka kijiji. Saa ikifika, kinapita kati ya nguzo kitu ambacho wao wanakiita uzi, na kila kichwa kilichomo ndani ya duara kinafungukia vichwa vingine. Kumbukumbu yako inakuwa yangu. Ukiumia naumia, nikidanganya unajua. Watoto wanaozaliwa baada ya hapo wanazaliwa wakiwa hivyo tayari, na vitukuu vyao, Msikizi alisema, wataiacha miili hii kama mtu anavyovua koti na kwenda kuishi kati ya nyota.

Sasa nisikilizeni vizuri. Dunia ambayo hakuna anayeweza kumwonea mwenzake bila maumivu yale yale kumrudia yeye mwenyewe, papo hapo, ndiyo dunia niliyoihubiri miaka arobaini, nikapigwa kwa ajili yake mara mbili na kufungwa mara moja. Ilikuwa inakuja saa tisa alasiri.

*

Oresta alikuwa uani, amevaa nguo nyeupe, anasokota kamba ya singa za mkonge. Hakuna anayehitaji kamba siku hizi, lakini mikono yake haikai bure. Ana miaka ishirini na minne, na ndiye mtoto pekee niliyenaye.

Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Aliendelea kusokota.

"Ukimwambia Msikizi, atasimamisha?" akauliza.

"Lazima asimamishe. Hawezi vinginevyo."

"Basi usimwambie."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia usoni, nikaona hatanii.

"Mama, umenilea kwa hotuba. Watoto wenzangu walibembelezwa kwa nyimbo, mimi nilibembelezwa kwa kifungu cha sheria ya ardhi. Hakuna bwana, hakuna mtwana, kila mtu na sauti yake. Leo dunia hiyo imefika mlangoni, wewe unainama kuangalia kama imevaa viatu."

"Haijaja mlangoni. Imepitia dirishani, na nani anapita dirishani unamjua."

"Watu wengi wanaitaka. Umewaona? Wameshona nguo."

"Wengi. Bibi Mwanvita anayelia tangu jana umemwona? Yeye anadhani ameshasaini basi, hana la kufanya. Na wewe, unaitaka ya nini? Una nini kinachokuuma?"

Kamba ikasimama mikononi mwake.

"Wewe," akasema taratibu. "Nina hasira zako, mama. Sikuzitafuta. Babu sikumjua, ile pilau sikuila, lakini nikisikia neno kampuni taya linanikaza. Nimezibeba tangu nanyonya. Nataka kuzitua. Nimechoka kuwa peke yangu nazo humu ndani." Akajigonga paji la uso.

Nikachukua kanga yangu nikatoka. Nilizunguka na mawazo hadi saa nane mchana, ndipo nikaamua kumwona mdogo wangu, Gaspari. Yeye anakaa Kambi ya Saba, na Kambi ya Saba walivuka mwezi uliopita.

*

Ni mwendo wa nusu saa kupita kwenye mistari ya mkonge wa zamani. Mimi mwenye miaka sitini na moja niliumaliza kwa dakika kumi na tano, gauni limenasa miiba sehemu tatu.

Gaspari alikuwa amesimama njiani ananisubiri, ingawa sikuwa nimemwarifu mtu. Msichana aliyekuwa anachunga mbuzi kwenye kilima aliniona, na alichokiona yeye wamekiona wote.

"Dada Skola," akasema. "Unakimbia kama vile umeiba kuku."

Nilicheka bila kutaka. Alikuwa yeye yule yule, kipara na pengo la jino. Lakini mwanamke aliyekuwa anateka maji nyuma yake alitabasamu kwa utani ule ule, sekunde ile ile.

"Gaspari, nimekuja kukuuliza jambo."

"Kabla hujauliza, nina kitu chako. Mzee Mahimbo amevuka pamoja nasi. Siku ile ya pilau alikaa nyuma ya baba."

Nikamsogelea nikamshika shati.

"Kumbukumbu yake ninayo, dada. Nzi wanazunguka sinia. Baba ana kofia ya ukindu. Karatasi inamfikia, anaigeuza, hajui ipi ni juu ipi ni chini. Anamuuliza karani, hii ni ya nini, mwanangu? Karani anamwambia, mahudhurio tu, mzee. Baba anasema, basi sawa, mimi kweli nipo. Anabonyeza."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Mimi kweli nipo. Miaka arobaini na miwili nilikuwa natafuta shahidi mmoja tu, nikazunguka mahakama, nikazunguka wazee, na kila mtu alikuwa amesahau au ameogopa. Na sasa kambi nzima ilikuwa shahidi. Watu mia tatu walimsikia baba yangu akiuliza. Nikaielewa ile zawadi mwili mzima, ikanipanda kama homa. Tukivuka, hakuna atakayeweza tena kusema haikutokea. Nilitaka kusimama nirudi nikavae nyeupe.

Ila mdomo wangu una mazoea yake.

"Na nyinyi," nikasema, "mlisaini nini?"

Gaspari alifungua kinywa. Halafu akaganda.

Mwanamke wa maji akaganda, ndoo imeinama, maji yanamwagikia miguu yake. Kwenye paa la nyumba ya jirani fundi akaacha nyundo juu. Kule kilimani msichana wa mbuzi alisimama wima. Kambi ya Saba nzima ilikuwa inarudi nyuma kwenye kikao chao, kila mmoja na jicho lake, wanaitazama karatasi moja ikipita kutoka pande mia tatu.

"Mahudhurio," akasema Gaspari. Neno hilo lilitoka kila upande, si kwa sauti kubwa.

"Mmekasirika?"

"Tunatafuta mahali pa kukasirikia, dada. Hapapo tena." Macho yake yalikuwa na maji lakini uso ulikuwa umetulia. "Tuna furaha. Hilo nalo ni kweli, usilifute. Tungeulizwa, karibu wote tungekubali."

"Karibu wote."

"Kumi na wanne wasingekubali. Sasa hivi tunawajua. Sasa hivi ni sisi."

Nikainuka. Sikujipangusa vumbi.

"Tungekubali na tumekubali ni kitu kimoja, Gaspari?"

Waliovuka hawawezi kudanganya. "Hapana," akasema. "Nenda. Saa zimekwenda."

*

Watu walikuwa wameshajaa kwenye banda la korona, nguo nyeupe tupu kama siku ya ubatizo. Shemhilu alikuwa mbele, na Msikizi amesimama pembeni yake, kichwa chake kinakaribia kenchi za paa. Nje nguzo kumi na mbili zilishaanza kuvuma, mvumo wa chini unaousikia kwenye meno. Oresta alikuwa mstari wa mbele. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo sana, akiniomba.

Nilisimama mlangoni. Nitawaeleza ukweli wangu wote, maana sina mwingine: nilikaribia kunyamaza. Nilijiambia, Skola, umebaki wewe tu. Wengine wote wanachokitaka ni hiki, na wewe pia unakitaka, mwanao anakuomba, baba yako atasikiwa. Karatasi moja tu. Nani atakulaumu?

Halafu nikajisikia nikisema karatasi moja tu, na ile sauti niliitambua. Ilikuwa ya karani.

"Msikizi," nikaita. "Zima nguzo. Hapa hakuna aliyeridhia."

Bandani kukazuka vurumai. "Kaa chini, mama," mtu akasema. "Huyu naye, hata peponi ataomba kuona kibali," akasema mwingine, na watu wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Nilipita katikati yao nikasimama mbele ya Msikizi, nikamweleza kitu ambacho katika mafaili ya miaka sitini hakikuandikwa hata mara moja: kwamba karatasi ile ni ya kuonyesha nani alikuja. Kwamba wenye nguvu waliibandika nyuma ya uamuzi wao, na sisi tukazoea.

Shemhilu alikuwa ameinamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Na mimi nimefanya."

Mvumo ukakatika. Meno yangu yakapumzika. Sijawahi kumwona Msikizi akitetemeka, na siku ile alitetemeka kuanzia juu hadi chini, kama mlingoti uliopigwa panga.

"Kambi nne zimekwisha kuvuka," akasema kifuani. "Kwa karatasi kama hii."

"Wanaweza kurudi?"

"Hakuna kurudi."

Wale waliokuwa wanacheka waliacha.

"Kwenu," Msikizi akauliza, "anayechukua bila kuuliza hufanywa nini?"

"Kwetu huwa anapandishwa cheo," nikamjibu. "Lakini wewe hutapata bahati hiyo. Kwa nini ulitaka kijiji kizima kwa mkupuo? Uzi hauwezi kumchukua mtu mmoja na kumwacha jirani yake?"

"Unaweza. Lakini nguzo lazima zimjifunze mmoja mmoja. Badala ya saa moja, siku arobaini. Kijiji kizima ni rahisi zaidi."

"Ni rahisi zaidi kwa nani?"

Msikizi akazigeukia nguzo kule nje.

"Tuna siku arobaini," nikasema. "Miaka ishirini na moja hamjatuacha tuwe na haraka ya kitu chochote. Sasa ukae chini, hapa kwenye sakafu, kama sisi tunavyokaa. Utamuuliza kila mtu kwa jina lake, mbele ya wenzake, na anayesema hapana hataulizwa kwa nini. Kuhusu zile kambi nne, utakwenda nazo hivyo hivyo. Utakaa chini na utawaambia ulichowafanyia, wao wenyewe wakikutazama kwa macho yao yote. Hawawezi kukukasirikia. Mimi naweza. Tutakwenda wote."

Msikizi alikunja viungo vyake kimoja kimoja, hata vingine ambavyo hatukujua kama vipo, akakaa kwenye sakafu ya saruji. Akiwa ameketi, kichwa chake kilikuwa sawa na cha Bibi Mwanvita. Bibi akamtazama usoni, akajifuta machozi, akasema kwa sauti iliyosikika vizuri, "Mimi hapana." Hakuna aliyeguna.

Shemhilu alinipa daftari jipya na kalamu. Nilipiga mistari kwa mkono. Jina. Anachokubali, au anachokataa, kwa maneno yake mwenyewe. Nikamwandika Bibi Mwanvita.

"Nani mwingine?" nikauliza.

Oresta akasimama.

Sikumwangalia mara moja. Nilisawazisha daftari kwenye goti. Msikizi akamuuliza kama anaelewa kwamba hakuna kurudi, akasema anaelewa. Akamuuliza kama anaelewa kwamba mama yake anaweza kubaki upande huu. Oresta akasema anaelewa. Akamuuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha.

"Hakuna. Mama yangu alijaribu kunizuia asubuhi, akashindwa. Nataka Kuvuka. Andika hivyo, mama, usipunguze."

Ningeweza kukosea kuandika. Ningeweza kusema wino umegoma, au kumuuliza tena, na tena, mpaka aketi. Mbinu zote hizo nazijua, nimezisoma kwenye mafaili kwa miaka mingi kuliko umri wake.

Niliandika Oresta Komba, jina lote, herufi kwa herufi. Mbele yake nikaandika: Nataka Kuvuka. Nikampa kalamu asaini, naye akasaini, kidole chake kikagusa changu kikakaa hapo kidogo.

"Anayefuata," nikasema.